Profesa na Kabati la Maandazi

Siku ya kwanza Profesa aliponipigia simu nilidhani ana ng'ombe aliye kwenye joto. Kazi yangu ni uhimilishaji, kuwapa ng'ombe mimba bila dume. Nazunguka Nyabiyonza yote kwa pikipiki, mtungi wa mbegu za madume nimeufunga nyuma, na mtu akinipigia asubuhi huwa hana salamu ndefu. Anasema, "Njoo, ameanza kulia," nami nawasha pikipiki. Kwa kazi hiyo watu wamenibandika jina, Dume. Mama mtu mzima mimi, nina watoto na kitenge cha kwendea kanisani, lakini nikipita sokoni utasikia, "Dume huyo anapita!" Zamani niliudhika. Siku hizi wasiponiita najiuliza nimewakosea nini.

Basi nikafika kwa Profesa, nikavaa ile glavu ndefu ya kufika begani, nikauliza ng'ombe yuko wapi. Mzee akaitazama glavu, kisha akautazama mtungi.

"Ng'ombe hawana shida," akasema. "Nataka kuuona huo ubaridi wako."

"Profesa, shikamoo kwanza."

"Marahaba, daktari. Haya, fungua."

Mimi si daktari, nina stashahada ya mifugo tu, na nilimwambia hivyo mara nyingi. Hakunisikiliza, na Dume hakuniita hata siku moja. Nikafungua kifuniko. Ndani ya mtungi kuna naitrojeni ya maji, baridi kupita barafu yoyote unayoijua, na mbegu hulala humo miaka bila kuharibika. Ukiifungua inatoa moshi mweupe, unamwagika ukingoni na kushuka chini polepole. Ule moshi ulipomfika miguuni, mzee mwenye mvi kichwa kizima alicheka kwa sauti, akarudi nyuma, akasogea tena auguse kwa kiatu. Nikajisemea, huyu mbona tutapatana.

Alizaliwa lini na ukoo wake upi, hayo waulizeni wenye ukoo. Mimi namjua tangu aliporudi kwenye kibanja chake cha migomba baada ya kustaafu chuo kikuu, na sasa hayupo tena Nyabiyonza, yeye na mkewe wanakaa Mwanza kwa binti yao. Nyumba ina mpangaji. Nikipita pale na pikipiki mkono wenyewe unapunguza mwendo, halafu nakumbuka kwamba hakuna wa kunisimamisha.

Alikuwa mtu wa hesabu. Si hizi za dukani, hesabu za herufi, alama na mishale, kurasa hata kurasa bila namba moja ya kawaida. Zilihusu chembe zinazotoka angani, ndogo kupita kitu chochote, ambazo alisema zinatupita mwilini mchana na usiku kama vile hatupo. "Hivi tunavyoongea," aliniambia siku ile, "zimekupita." Nikajipapasa kifuani, akacheka tena. Wenzake wa nchi za mbali walikuwa na mashine kubwa za kuzipima, zimechimbiwa ardhini. Yeye kazi yake ilikuwa ya mezani: wao wanapima, yeye anakokotoa, wanaandikiana. Alifanya utafiti huo mpaka nywele zikageuka rangi, na katika muda wote huo hakuwahi kuona hata alama ya chembe moja kwa macho yake.

"Zenyewe hazionekani," alinieleza. "Kinachoonekana ni njia zilikopita. Ndege ikipita juu sana huioni, si ndiyo? Unaona ule mstari mweupe." Na mstari huo, akasema, unaweza kuonekana hata hapa kwetu. Unahitaji sanduku la kioo, spiriti ya kulowesha kitambaa juu, mwanga wa pembeni, na chini yake ubaridi mkali sana. Vyote vinapatikana, isipokuwa ubaridi. Halafu akagundua kwamba kila asubuhi ubaridi unapita mbele ya nyumba yake umefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki.

Nikamuuliza haraka ya nini. Alikuwa na presha ya macho. Hospitali walimwambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa zinachelewesha tu kilichobaki. "Nataka nimwone mgeni mmoja, daktari," akasema, "kabla macho haya hayajafunga duka." Aliziita wageni, zile chembe. Hilo ndilo alilolitaka, na tangu siku hiyo nami nikalitaka.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu wa kuelea angani tu. Alikuwa na vituko vya hapa hapa chini.

Kwa mfano, profesa mzima wa hesabu hakuwa anahesabu ng'ombe wake. Alikuja kijana mtafiti wa afya ya mifugo, ana kishikwambi mkononi, anapita nyumba hadi nyumba akiuliza habari za kupe. Akamuuliza Profesa ana ng'ombe wangapi.

"Wapo," Profesa akajibu.

"Wangapi, mzee?"

"Wa kutosha."

Kijana akadhani masikio yamechoka, akapaza sauti. Profesa akamshika mkono akampeleka zizini, akaanza kumtambulisha: huyu Bihogo, huyu Gaju, yule mwenye madoa Mayenje, yule pale mtundu ni binti yake Mayenje. Akaita majina yote mpaka mwisho. "Namba weka wewe," akamwambia, "na usiitaje mbele yao." Mama yake alimfundisha kwamba ng'ombe hawahesabiwi, ukiwahesabu unawaitia balaa. Kijana alipoondoka nikamuuliza kama anaamini. "Siamini hata kidogo," akasema. "Lakini mama aliamini, na hawa ni uzao wa ng'ombe wake."

Baraza lake lilikuwa kama ofisi. Watafiti walimjia kutoka kila upande: wa biolojia waliohangaika na mnyauko wa migomba huko Nyakatuntu, nilikozaliwa mimi, na wa mifugo waliofuatilia ndigana, homa ya kupe. Walimletea takwimu zao azipitie. Hakuwa na haja ya kujua ugonjwa vizuri. "Kupe, vidudu vya mgomba, chembe za angani, kwangu ni ukoo mmoja," alisema. "Ni vingi, ni vidogo, na havikuombi ruhusa." Aliwapa ndizi na maharage, akawasomea kurasa zao, na mtu akisema "bila shaka" alimkatiza hapo hapo: "Na shaka umeiacha wapi? Ilete tuione."

Kisa nilichokipenda kuliko vyote ni cha binti mmoja aliyekuwa anasomea shahada kubwa. Alikuwa na dawa mpya ya kuogeshea ng'ombe, ya kuzuia kupe. Akagawa kaya mafungu mawili: hawa wapewe dawa, wale waendelee kama kawaida, baadaye alinganishe. Ndivyo utafiti unavyofanywa, hata mimi nilifundishwa chuoni. Msimu ukaisha, akapima, hakuna tofauti! Kupe walipungua huku na huku sawasawa. Akaja barazani kwa Profesa akakaa akalia. Kumbe waliopewa dawa waliwamegea wasiopewa. Binti alipowauliza, mama mmoja akamshangaa: "Sasa niogeshe ng'ombe wangu jirani ananiangalia, na malisho ni yale yale? Ningemtazamaje usoni?"

Profesa alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akaona binti hacheki, akanyamaza, akamwambia maneno ninayoyakumbuka: "Utafiti wako haujafa. Umekujibu swali ambalo hukuuliza." Wakakaa pamoja wiki nyingi wakafuatilia dawa ilitoka nyumba ipi ikaenda ipi, kwa undugu, kwa ukwe, kwa kisima, kwa jumuiya ya kanisani. Ikawa ndiyo kazi yenyewe, na binti akaipata shahada yake. Profesa akawa anajisifu kana kwamba ng'ombe walikuwa wake.

Na mkewe? Huyo mama alikuwa mwenye nyumba hasa. Mimi namwita Mama tu, kama wengine wote. Kibanja kile, migomba ile iliyonyooka, mibuni ile iliyokatwa vizuri, yote ni mikono yake. Profesa aliwahi kupewa kisu apunguze matawi ya kahawa, akakata yaliyo hai akaacha makavu, na tangu hapo akapigwa marufuku kuingia shambani na kitu chenye makali. Mama alikuwa na usemi wake: "Mimi nalima vinavyoonekana, mwenzangu analima visivyoonekana." Aliusema kwa utani, na wageni walicheka, naye Profesa alicheka. Lakini niliwahi kumsikia siku moja, tukichambua maharage, akasema kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kuuliza kazi ya mumewe ni kitu gani hasa, naye mume hakuwahi kumwambia. "Nilidhani sitaelewa," akasema, "naye alidhani sitaki." Akaendelea kuchambua.

Sanduku la kioo lilitoka Kayanga. Profesa alizunguka maduka yote karibu na stendi akakosa, mpaka akaingia kwa muuza chai mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pangani, akaliona kabati la kioo la kuwekea maandazi. Likampendeza kuliko bibi harusi. Yule bwana hakutaka kuliuza.

"Wewe mzee unafungua hoteli?"

"Hapana."

"Sasa kabati la nini?"

"Nataka nikamate vitu vinavyotoka angani."

Bwana akamtazama, akanitazama mimi niliyemsindikiza, mimi nikatazama juu. "Haya chukua," akasema mwishowe. "Ukivikosa hivyo vya angani, lirudishe. Lenyewe limezoea maandazi." Tulirudi nalo kwa bodaboda, Profesa kalikumbatia, na njia nzima harufu ya mafuta ya kukaangia ikitufuata.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Spiriti tuliyonunua duka la dawa ilikuwa na maji ndani yake. Nilipomimina naitrojeni chini ya bamba la chuma tulilolitandika kabatini, kabati zima likajaa ukungu, kisha likaota barafu nyeupe kila mahali. Tukakaa tunatazama barafu. Profesa akasema tunahitaji spiriti kali zaidi, isiyo na maji. Nami kwa ujinga wangu nikasema, "Kali kama ya Mama Koku?"

Mama Koku anakaa bondeni, anapika gongo la ndizi. Kila mtu anajua, hata wasiotakiwa kujua. Profesa akashuka bondeni mwenyewe mchana kweupe na chupa mkononi, mzee wa kanisa, Mlutheri asiyegusa hata lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama Koku akaniambia baadaye kwamba alipomwona alitaka kujificha yeye. Profesa akamwomba amchemshie upya lile la kwanza kudondoka, lile linaloshika moto wa buluu. "Waitu, Profesa!" akapiga kelele. "Hilo litakuua!" Akamweleza kwamba si la kunywa. Mama Koku akasema wote husema hivyo.

Habari ilifika kwa Mchungaji kabla Profesa hajafika nyumbani. Kesho yake Mchungaji akaja kunywa chai. Alikoroga ile chai mpaka ikapoa.

"Profesa, nasikia una utafiti."

"Ninao."

"Wa kitu cha... majimaji."

"Ndiyo, Mchungaji. Nachovya kitambaa, kinatoa mvuke."

"Na kinachobaki kinakwenda wapi?"

"Kinapaa."

"Kinapaa," akasema Mchungaji, akatingisha kichwa kama anayesikia kisingizio kipya katika huduma yake. Profesa akampeleka stoo akamwonyesha kabati, kitambaa, chupa na kila kitu. Mchungaji akanusa chupa machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila tunapojaribu. Alisema anakuja kuhakikisha kwamba kinapaa. Uongo mtupu! Alikuwa ameshikwa na hamu kama sisi.

Lakini tulijaribu mara chache sana, na kosa si la mtu. Naitrojeni ile ni ya mbegu za watu. Ikiisha mbegu zinakufa, na mfugaji aliyesubiri ng'ombe wake aingie kwenye joto anakosa msimu. Nilimwambia Profesa waziwazi: sitoi hata kikombe mpaka kuwe na ziada, na ziada ni nadra. Nilijiandaa anibembeleze. Akasema, "Sawa," na hakuniomba tena. Nilipita kwake siku nyingi, nimebeba kile alichokitaka kuliko kitu chochote, naye akaniuliza habari za ng'ombe, za watoto, za barabara. Hakuutazama mtungi hata kwa jicho la pembeni. Iliniuma, sitaficha. Mara mbili tatu ziada ilipatikana, tukajaribu, na kila mara kuna kitu kilitushinda: kabati linavuja pembeni, tukaliziba kwa sabuni, mwanga hafifu, bamba limepinda. Profesa aliinama pale kioo karibu kiguse pua yake, akangoja mpaka ubaridi ukaisha. Kisha alijinyoosha na kusema, "Leo hawakuwa na nafasi."

Ukapita muda mrefu. Mvua zikaanza, kazi zikanizidi.

Halafu ofisini wakaletewa mtungi mpya. Ule wangu wa zamani ulikuwa umeanza kuvuja, tukahamisha mbegu zote, na chini ikabaki naitrojeni nyingi tu, ambayo kufikia jioni ingekuwa imejipotelea hewani. Mkuu wangu akasema, "Hiyo achana nayo." Sikumngoja amalize. Nikampigia Profesa.

"Njoo," akasema.

Nikafika kabla ya saa sita mchana. Profesa alikuwa amesimama mlangoni, akaunyoosha mkono kunisalimia, na mkono ukapita pembeni ya wangu. Ukabaki pale hewani unatafuta. Nikaushika haraka.

"Tangu lini, Profesa?"

"Mvua zilipoanza. Naona mwanga kidogo upande huu." Akapunguza sauti. "Mama usimwambie. Anadhani bado naona."

"Najua siku nyingi," Mama akasema kutoka ndani. "Unadhani kijiko kinajiweka chenyewe mkononi mwako?"

Nilisimama na mtungi wangu sijui niuweke wapi. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, tunafanya kwa ajili ya nani sasa. "Fanya tu, daktari," akasema. "Imeshakuja. Fanya."

Tulikuwa watano stoo, kati ya magunia ya kahawa: Profesa, Mama, Mchungaji, Mama Koku aliyeleta chupa yake mwenyewe, na mimi. Mama hakuwahi kuingia kwenye majaribio yetu. Siku hiyo aliingia akafunga mlango. Tuliziba dirisha kwa magunia mpaka pakawa giza kabisa. Bamba tulishalipaka masizi meusi. Nikachovya kitambaa, nikamimina naitrojeni chini, Mchungaji akawasha tochi akaielekeza pembeni. Profesa akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, mgongo kwa ukuta.

"Mkimwona mgeni anapita," akasema, "mseme 'Huyo.' Basi. Msinieleze, msibishane. Kila anayepita, 'Huyo.'"

Tukainama. Ukungu ulikuwa unashuka ndani ya kabati kama mvua ya manyunyu, polepole. Tukangoja. Hakuna kitu. Shingo ikaanza kuuma. Nilimtupia jicho Profesa, nikaona alivyokaa, uso umeinuliwa, anasikiliza kwa mwili mzima. Nikarudisha macho kwenye masizi, bado hakuna kitu.

Halafu Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Huyo."

Nikatazama vizuri. Hapakuwa na huyo wala yule. Nikamwangalia Mama, naye hakuwa anaangalia kabati, alikuwa anamwangalia mumewe.

Kimya kidogo. "Huyo," akasema Mchungaji. Mtumishi wa Mungu!

Kimya kidogo. "Huyo," akasema Mama Koku.

Ikafika zamu yangu, nami nikaita, tena kwa nguvu. Tukazunguka hivyo, mmoja baada ya mwingine, tukimpa mzee wetu wageni wake.

Profesa akainua mkono. "Nani amewaambia mwimbe kwaya?"

Tukainua vichwa kutoka kwenye kioo.

"Mnapokezana kama watu wanaopasiana matofali. Huyu ameita, yule anasubiri kidogo, naye anaita. Mnanihurumia, nawashukuru. Sasa acheni." Hakukasirika, lakini sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Mtu akitunga, anaacha nafasi sawasawa, hata akijitahidi asiache. Wale hawajuani. Hakuna anayemngoja mwenzake. Ni kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati: mawili yanadondoka kwa pamoja, halafu unadhani mvua imeghairi, halafu yanakuja mengi. Nyamazeni mpaka muone."

Aibu ilitushika wote. Mchungaji akajifuta uso kwa kiganja. Nikachukua chupa ya Mama Koku nikakilowesha kitambaa upya, nikamimina naitrojeni iliyobaki, yote, nikafunga kabati na kuzipapasa pembe zake kama zimezibwa. Tukainama tena. Safari hii hata pumzi tulizibana.

Juu ya yale masizi ukatokea uzi mweupe.

Ulitokea ghafla, umenyooka, mwembamba kuliko nywele, kisha ukalegea, ukazama, ukapotea.

"Hu... Huyo!" Mama akaita.

"Huyo!" Mchungaji akadakia, na papo hapo Mama Koku naye, "Huyo! Mwingine huyo!"

Kisha hakuna. Kimya kikawa kirefu, kikazidi kuwa kirefu, mpaka nikadhani tumeharibu. Nikamgeukia Profesa niseme chochote, akainua kidole: ngoja.

"Huyo!" "Huyo, huyo!" "Pale, huyo!" "Waitu, mnene huyo!" Wakaja kwa fujo, kutoka kila upande, tunaitana juu ya sauti za wenzetu, hatujui nani ameita yupi. Kimya. Mmoja peke yake. Kimya kirefu. Wawili.

Nikamwangalia Profesa. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na mkono mmoja ulikuwa unagusa goti kila tulipoita. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijui nisemeje, umefunguka kama mlango. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta.

"Ndio wao," akasema. "Hawa hamwezi kuwatunga. Ndio wao hasa."

Tukaendelea kuita mpaka sauti zikakauka. Naitrojeni ikawa inaisha, nyuzi zikapungua, zikawa fupi, zikafifia. Mama Koku akakaa chini kwenye gunia. Mchungaji akazima tochi, kisha akaiwasha tena ahakikishe, kisha akaizima. Nikayatoa magunia ya dirishani, mwanga wa mchana ukaingia, na kabati likawa kabati la maandazi tu, lina masizi na matone.

Mama peke yake hakusogea. Alikuwa bado ameinama pale kioo, mikono juu ya kabati.

"Hivi," akasema bila kugeuka, "ndivyo ulivyokuwa unaviandika siku zote hizo?"

"Ndivyo."

"Mbona hukuniambia kama ni vizuri hivi?"

Profesa akageuza uso kuifuata sauti yake. "Sikuwa najua, mke wangu," akasema. "Niambie wewe."

Mama akavuta gunia la kahawa mpaka karibu na kigoda, akakaa, akamshika mkono, akaanza kumwambia.